Iringa imekuwa "Ilinuka": kutohoa majina yetu katika lugha ya kubuni

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Mbeya na naandika riwaya ya vijana. Ndani yake wamo watu wanaoishi chini ya Ziwa Ngosi, nao wana lugha niliyoitunga mwenyewe, naiita Kilumo. Kilumo kina irabu tano kama Kiswahili, na konsonanti hizi tu: p, t, k, m, n, ny, ng', s, h, l, w, y. Silabi ni konsonanti moja na irabu, au irabu peke yake. Konsonanti mbili hazifuatani kamwe. Sasa vijana wa Mbeya wanafika huko, na wenyeji wanajaribu kutamka majina yao na ya miji yao. Nimetengeneza jedwali: b inakuwa p, d inakuwa t, g inakuwa k, z inakuwa s, r inakuwa l, j inakuwa y, na konsonanti isiyo na irabu naiongezea u. Nimepata Mupeya kwa Mbeya, Nuyomupe kwa Njombe, Pulaitonu kwa Brighton, Tusayikuwe kwa Tusajigwe. Iringa imekuwa Ilinuka. Wifi yangu ni mtu wa Iringa, amesoma akakasirika, anasema nimeutukana mji wao. Nimefuata kanuni zangu mwenyewe, kosa liko wapi? Au niyaache majina kama yalivyo?"*

Marahaba, binti yangu. Msalimie wifi yako, na mwambie nimemwelewa. Nawe nimekuelewa. Hukumtukana mtu, na konsonanti zako kumi na mbili si chache mno. Kihawaii kina konsonanti nane tu, na watu wake wamekuwa wakipokea majina ya wageni kwa miaka mingi: David huko ni Kawika, Maria ni Malia, na wenye majina hayo wanayabeba kwa fahari. Kwa hiyo tusianze kwa kuongeza sauti kwenye Kilumo. Uchache wake ndio uzuri wake.

Ila umefunga mambo mawili katika fundo moja. La kwanza ni kwamba majina yanatoka marefu na hayatambuliki. La pili ni kwamba moja limeangukia neno baya la Kiswahili. Chanzo chake si kimoja, na dawa yake si moja.

Nianze na la kwanza, maana ndilo zito. Umeandika kanuni za sauti, lakini jedwali lako linafanya kazi kwa herufi. Sikio la mtu halisikii herufi. Chukua neno *mbuni*. Ndege mkubwa asiyeruka ni mbuni, na wewe uliyebuni Kilumo pia ni mbuni. Yaandike, yanafanana kabisa. Yatamke taratibu ukipiga makofi kwa kila silabi: ndege ana makofi mawili, mbu-ni. Wewe una matatu, m-bu-ni. Kwa ndege, *mb* ni sauti moja, midomo inafungwa mara moja na pumzi inaanzia puani. Kwako wewe, *m* ni silabi inayojitegemea, mabaki ya *mu-* ya zamani ambayo lugha nyingi za Kibantu bado zinayo kamili.

Sasa rudi kwenye majina yako. Mbeya ni Mbe-ya, silabi mbili. Njombe ni Njo-mbe, mbili pia. Iringa ni I-ri-nga, tatu. Jedwali lako limekuta *mb*, *nj* na *ng*, likaona herufi mbili mbili, likazitenganisha kwa u. Ndiyo maana Njombe imetoka silabi mbili ikafika nne, Nuyomupe. Jina likiongezewa silabi mbili katikati, mdundo wake umekwisha, na mdundo humsaidia sana msikilizaji kulitambua jina. Mtu wa Kilumo, tumwite Mlumo (sijui unawaitaje), angesikia sauti moja iliyoanzia puani. Kwa kuwa lugha yake haina sauti hiyo, angechukua iliyo karibu nayo. Ama angebaki na pua, *mb* ikawa *m*, *nd* ikawa *n*, *nj* ikawa *ny*, *ng* ikawa *ng'*. Ama angebaki na mlipuko, *mb* ikawa *p* na *ng* ikawa *k*. Njia zote mbili zinakubalika. Ya kwanza naipenda zaidi kwa Kilumo, kwa sababu tayari una m, n, ny na ng', seti nzima imekaa inasubiri wageni.

Mkwawa, jina la mtemi wa Wahehe, ni habari nyingine. Hapo *m* ni silabi kamili, M-kwa-wa, kwa hiyo u yako inafaa kabisa: Mukawa, au Mukuwawa ukitaka kuitunza w ya kwanza. Na hapa tuna mfano wa kweli kutoka nyumbani. Wajerumani waliopigana naye waliandika jina lake "Quawa" katika vitabu na taarifa zao. Masikio yao hayakujua la kufanya na *m* inayosimama peke yake mbele ya *kw*, wakaiacha. Sikio lisilo na silabi ya namna hiyo halisikii pungufu, linasikia neno zima bila hiyo. Kilumo kikiwa na *mu*, hakina sababu ya kuiacha. Kwa hiyo m ya Mbeya na m ya Mkwawa zisipite mlango mmoja, ijapokuwa kwenye karatasi ni herufi ileile.

Halafu hii u unayoitia kila mahali. Tazama Kiswahili chenyewe kilivyofanya. Maneno na majina yanayoishia kwa sauti ya midomo yalipewa u: kitabu, Adamu, Yusufu, Ibrahimu. Yanayoishia kwa sauti ya ulimi mara nyingi yalipewa i: shati, benki, Samweli. Na katikati ya neno, Kiswahili hupenda kunakili irabu iliyo jirani: Kiarabu *fikr* ikawa fikiri, *shukr* ikawa shukuru, *bahr* ikawa bahari. Sababu iko mdomoni. Midomo ikishajikunja kwa b au m, u iko karibu kuliko irabu nyingine. Ulimi ukishapanda kwa t au n, i ndiyo jirani. Irabu ya kujazia haina kazi ya maana, iko pale kuupa mdomo njia, na ndiyo maana huchukua njia fupi. Ukiweka u baada ya n mwishoni mwa Brighton, unamlazimisha Mlumo apande kilima bila sababu. Mpe Pulaitoni: u baada ya p ya midomo, i baada ya n. Ukiona bado ni refu, mruhusu mtu aidondoshe l, iwe Paitoni. Mimi ningewapa wazee wa Kilumo Pulaitoni na watoto Paitoni, kwa kuwa mtoto anayecheza na Brighton kutwa nzima atalifupisha tu.

Hapo nimegusa jambo ambalo watunzi wengi wa lugha huliogopa: jina moja kuwa na sura mbili. Wanadhani kanuni ikitoa majibu mawili imevunjika. Sivyo. Katika Kiswahili tuna Petro na tuna Pita, tuna Yohana na tuna Joni, tuna Mariamu, Maria na Meri. Bara tunasema shule, neno lililotoka kwa Wajerumani, na Zanzibar wanasema skuli, lililotoka kwa Waingereza. Kila sura ina mlango wake: huu wa kanisa, ule wa msikiti, mwingine wa ofisi na mpira. Kinachotakiwa ni wewe mwandishi ujue kila jina liliingia kwa mlango upi, lini, na mdomoni mwa nani.

Na swali hilo hukujiuliza. Watu wako wanaishi chini ya Ngosi. Kabla ya vijana wako wa leo kufika, ni nani waliokuwa wakipita juu ya vichwa vyao? Wasafwa na Wanyakyusa. Basi Walumo wa zamani walisikia majina ya nchi ya juu kupitia vinywa hivyo. Kinyakyusa hakina r wala z, kina l na s. Tazama hata ziwa lenyewe: wengine huliandika Ngozi, wengine Ngosi kama ulivyofanya. Kwa hiyo r kuwa l na z kuwa s katika Kilumo hakuhitaji jedwali, kuna historia tayari. Tena nomino nyingi za Kinyakyusa hutanguliwa na irabu: mtu ni *umundu*, mbwa ni *imbwa*. Mgeni anayesikia lugha hiyo kwa muda mrefu anaweza kuzoea kwamba neno la watu wa juu sharti lianze na irabu. Uamuzi huu ni wako, lakini ningekuwa mimi ningesema hivi: katika Kilumo, majina ya mahali ya nchi ya juu huanza na i. Iringa inayo tayari. Mbeya na Njombe zinaiazima.

Tuone tunapata nini. *mb* kuwa *m*, *nj* kuwa *ny*, *ng* kuwa *ng'*, r kuwa l, na i mbele ya isiyo nayo: Imeya, Inyome, Iling'a.

Zisome kwa sauti. Zinafanana kama watoto wa nyumba moja, na mtu wa Njombe akisikia Inyome atageuka. Kumbuka pia i ile imetuokoa na balaa lingine: bila hiyo Mbeya ingekuwa Meya, na kila msomaji angemwona mheshimiwa wa jiji.

Hilo linatupeleka kwenye hasira ya wifi yako. Kilumo hakina kosa na "ilinuka", maana Mlumo hajui Kiswahili. Lakini kitabu chako hakisomwi na Walumo. Kinasomwa na mtu wa Mafinga, wa Ilula, wa Kalenga, naye akikutana na mji wake umeandikwa Ilinuka hatakumbuka kanuni zako, atasikia harufu. Kila anayetunga lugha kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili ana masikio mawili ya kuridhisha, la wahusika wake na la wasomaji wake. Kwa hiyo kila jina ukishalipata, lipitishe kwenye Kiswahili kabla halijaingia kitabuni. Usiangalie kamusi tu. Tatizo la Ilinuka halimo kwenye orodha ya maneno, maana ni kitenzi chenye viambishi, i-li-nuka. Viambishi vyetu ni vifupi na silabi za Kilumo ni zilezile za Kiswahili, kwa hiyo ajali za namna hii zitatokea tena. Majina yanayoanza na a-li-, i-li-, wa-na-, tu-me- yaangalie mara mbili. Iling'a nayo inakaribia "iling'aa", na sidhani kama kuna mtu wa Iringa atakayelalamika kwa hilo.

Ukikuta mgongano mbaya, usivunje kanuni kwa jina moja kimyakimya. Lugha za kweli huepuka maneno ya aibu kwa njia zinazojulikana: hurefusha irabu, huongeza neno mbele, au huacha jina na kutafuta lingine. Njia ya neno la mbele imetumiwa vizuri na Toki Pona, lugha aliyoitunga Sonja Lang wa Kanada mwaka 2001, yenye sauti kumi na nne tu. Huko jina la kigeni halisimami peke yake, hutanguliwa na neno la kusema ni kitu gani. Nchi ni *ma*, hivyo Tanzania ni *ma Tansanija* na Kenya ni *ma Kenja* (j yao ni y yetu). Sisi tunafanya karibu hivyo tukisema Mlima Rungwe au Mto Kiwira. Kwa msomaji wako faida ni kubwa: hata jina likiwa limebadilika sana, neno la mbele linamwambia atafute mji, mto au mtu. Tunga maneno matatu ya namna hiyo katika Kilumo, wasomaji watayazoea ndani ya sura moja.

Majina ya watu yanataka moyo zaidi. Jina kama Atupele linapita bila kuguswa, liache lilivyo. Tusajigwe ni kitenzi kizima cha Kinyakyusa, tumebarikiwa, na ile w ya mwisho ndiyo inayobeba hali ya kutendwa. Jedwali lako limeokoa w, lakini kwa kuongeza silabi: Tusayikuwe. Ningedondosha g na kubaki na w, Tusayiwe, silabi nne kama mwenyewe alivyoitwa nyumbani. Unaweza pia kulitafsiri, ukamwita kwa neno la Kilumo lenye maana ya aliyebarikiwa. Sikukatazi, lakini fikiria msichana huyo yuko mbali na kwao, na jina ndilo alilobaki nalo. Mwenyeji anayejitahidi kulitamka anamheshimu kuliko anayelibadilisha maana ibaki na sauti ipotee. Kutafsiri au kubandika jina jipya ningekuachia kwa wahusika wasiopendwa. Wenyeji walimwita Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeuawa Lugalo mwaka 1891, "Nyundo". Hawakuhangaika na Zelewski. Mtu aliyekuja na bunduki alipewa jina la kazi aliyokuja kuifanya.

Majina ya Mwa- yashughulikie peke yake. Mwakyembe, Mwandosya, Mwaipopo: hiyo Mwa- ni ya ukoo, inasema mtu ametoka kwa nani. Usiikate kwa jedwali. Amua Walumo wanasemaje "wa ukoo wa", kisha uiweke hapo, au uibakize Muwa- kwa wote bila ubaguzi. Kiswahili kiliona *ki* ya kitabu kikadhani ni kiambishi chake, tukapata vitabu. Walumo nao wanaweza kukosea hivyo juu ya Mwa-, na kosa la namna hiyo likirudiwa kwa majina yote linaifanya lugha ionekane imeishi.

Sasa swali lako la mwisho, kuyaacha kama yalivyo. Inawezekana, na si uvivu. Kiesperanto, kilichotangazwa na L. L. Zamenhof mwaka 1887, huvisha miji mikubwa mwisho wake wa -o, Londono na Parizo, lakini majina ya watu mara nyingi huachwa yalivyo. Gharama yake kwako ni kwamba Mlumo akitamka "Brighton" sawasawa siku ya kwanza, hakuna atakayeamini tena kwamba lugha yake haina b wala r. Ushauri wangu ni huu: katika maelezo ya msimulizi andika Mbeya, Iringa, Brighton. Katika vinywa vya Walumo andika Imeya, Iling'a, Pulaitoni. Msomaji atazioanisha mwenyewe ukimpa mara moja tu sehemu ambapo majina mawili yanakaa jirani.

Usisahau pia upande wa pili. Kiklingoni, lugha ya filamu iliyotungwa na mwanaisimu Marc Okrand, haina k ya kawaida kabisa, na watu wake hujiita *tlhIngan*. "Klingon" ni jinsi wageni wanavyolitamka. Vijana wako wa Mbeya nao watalikosea jina la Walumo. Watalitia b au r isiyokuwepo, watalipachika wa- na ki- mbele kama tunavyofanya kwa kila kabila. Kwenye riwaya yako ni majina ya vijana tu yanayokosewa. Wape Walumo nao haki ya kusahihisha.

Mkazo hukuutaja. Kiswahili kinaweka silabi ya pili kutoka mwisho, i-RI-nga. Ukiweka Kilumo mwishoni, majina yote yatasikika mageni hata yasiyobadilika, Atupele likiwemo. Amua mapema, kwa sababu utalihitaji siku utakapolisoma kwa watu.

Haya yote unaweza kuyafanya mezani kwako. Kuna mambo mawili ambayo hayafanyiki kwa barua. Ukitaka Kilumo kichote sauti za lugha hai, mathalani irabu saba za Kinyakyusa ambazo tahajia ya Kiswahili inazificha, nenda ukae na mzungumzaji mzee, Rungwe au Kyela hapo karibu, umsikilize na umrekodi kwa ruhusa yake. Vitabu vitakuonyesha alama, sikio linataka mtu. Na ukitaka kutumia jina la ukoo wa kweli au la mtemi wa zamani ambaye ukoo wake unajulikana, waone wenye jina kwanza, uwaonyeshe limekuwa nini katika Kilumo. Ukifika Iringa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kina walimu wa isimu. Beba orodha yako yote, si majina matano tu, kwa sababu kanuni hujulikana uimara wake inapokutana na Anyelwisye, Christopher na Makambako kwa siku moja.